Papa Aliyesalia Meno: Historia ya Kumpima Megalodoni

Miongoni mwa wanyama waliotoweka kabla ya kuwapo binadamu, wachache wametajwa sana na kujulikana kidogo kama papa mkubwa aitwaye megalodoni, aliyeishi katika bahari nyingi zenye joto tangu takriban miaka milioni 20 iliyopita hadi karibu miaka milioni 3.6 iliyopita. Meno yake, ambayo makubwa zaidi huzidi urefu wa sentimita 16, yamepatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika, na yamehifadhiwa kwa maelfu katika makumbusho na katika makabati ya watu binafsi. Lakini mwili wake mzima haujapata kuonekana na mtu yeyote, na hakuna fuvu lake, pezi lake wala mkia wake uliowahi kuthibitishwa. Kwa hiyo historia ya elimu inayomhusu ni historia ya watu wa zama mbalimbali walioshika sehemu ndogo ya mnyama na kujaribu kumfikia mnyama mwenyewe, na mara nyingi papa waliyempata alifuata kipimo walichoanza nacho kuliko ushahidi uliokuwa mkononi.

Chanzo cha hali hiyo ni umbile la papa wote. Tofauti na changu, nguru na samaki wengine wenye miiba, papa hana mifupa kamili; kiunzi chake ni gegedu, yaani tishu nyepesi inayonepa ambayo ndiyo inayojenga pia sikio na ncha ya pua ya binadamu, na ambayo mpishi wa pwani anayekatakata papa mbichi huipitisha kisu bila kuhitaji shoka. Mzoga wa papa ukizama, gegedu huoza au huliwa muda mrefu kabla ya kufunikwa na matope, ila pingili za uti wa mgongo, ambazo huwa zimekazwa kwa chumvi za kalisi, huweza kusalia kwa bahati. Jino lina hali nyingine kabisa, kwa kuwa ni madini tangu likiwa kinywani: kiini chake ni dentini, tishu ngumu inayokaribia mfupa, na juu yake pana gamba la enameli lenye fosfeti ya kalisi iliyochanganyika na florini, ambalo maji hayaliyeyushi kwa urahisi. Zaidi ya hayo, papa hung'oka meno na kuota mengine maisha yake yote, safu za nyuma zikisogea mbele kuziba mapengo, hata papa mmoja akadondosha maelfu ya meno kabla ya kufa. Jino linalozikwa matopeni hufyonza madini ya mashapo yaliyolizunguka na kugeuka kisukuku, jina yanalopewa mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa miambani, na weupe wake hubadilika kuwa kijivu, kahawia au weusi kufuatana na udongo uliolilaza.

Kwa karne nyingi Wazungu hawakuyaita meno hayo meno. Waliyaita ndimi za mawe. Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika habari za jiwe lenye umbo la ulimi wa binadamu ambalo, kwa maneno ya watu wa wakati wake, halikuzaliwa ardhini bali lilidondoka kutoka mbinguni mwezi unapopatwa. Masimulizi yaliyodumu zaidi, hata hivyo, yalitoka kisiwa cha Malta, ambacho miamba yake ya chokaa ina meno mengi ya papa wa kale. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 28, kinaeleza jinsi Mtume Paulo alivyovunjikiwa na merikebu kisiwani humo na kuumwa na nyoka mwenye sumu, akamkung'utia motoni asipate madhara. Mapokeo ya Wamalta yaliongeza kwamba mtume aliwalaani nyoka wa kisiwa wakapoteza sumu yao, na ndimi zao zikageuka mawe yanayookotwa mashambani. Kutokana na imani hiyo lilizuka soko. Meno ya Malta yalisafirishwa hadi nchi nyingi za Ulaya yakiwa hirizi na kinga ya sumu, yakavaliwa shingoni, yakasagwa kuwa dawa, na katika karne za kati wakuu waliohofia kuuawa mezani waliyatundika kwenye vinara vya fedha vilivyotengenezwa kwa umbo la mti, ili mgeni achukue jino na kulichovya katika divai kabla ya kunywa. Vinara vichache vya namna hiyo vimesalia, viwili vikiwa Vienna na kimoja Dresden, na ukivitazama ni vigumu kutokubali kwamba ufundi wa sonara aliyevipamba ulizidi sana uwezo wa jino lenyewe kuzuia sumu.

Thamani ya meno hayo haikuwa jambo la Ulaya peke yake. Katika vilima vya mazishi vya jamii za kale za bonde la Ohio, Amerika Kaskazini, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta meno ya papa wa visukuku yaliyotobolewa ili yafungwe kwa uzi, mamia ya kilomita kutoka pwani ya Atlantiki yalikookotwa, jambo linaloonyesha kwamba yalipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika yalikozikwa.

Wapo waliokuwa wameng'amua ukweli mapema. Guillaume Rondelet, mganga Mfaransa aliyeandika kitabu kikubwa cha samaki mwaka 1554, alitaja kwamba ndimi za mawe zinafanana na meno ya papa, na Fabio Colonna wa Napoli aliandika mwaka 1616 kwamba vitu hivyo vikichomwa hugeuka mkaa kama mfupa kabla ya kuwa chokaa, tofauti na jiwe la kawaida. Hoja hizo hazikuenea sana, labda kwa sababu zilijibu swali dogo na kuliacha lile kubwa zaidi, nalo ni namna gani jino la samaki lingeweza kukaa ndani ya mwamba, juu mlimani, mbali na bahari.

Aliyelikabili swali hilo ni Niels Stensen, Mdenmark aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1638 na kujulikana kwa jina la Kilatini la Steno, ambaye alikuwa bingwa wa kupasua miili katika jumba la Ferdinando wa Pili wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana. Mwezi wa Oktoba 1666 wavuvi walimkamata papa mkubwa sana karibu na Livorno, na mtawala akaagiza kichwa chake kipelekwe Florence kwa Steno. Maelezo ya upasuaji huo yalichapishwa mwaka 1667, na ndani yake mna picha ya kichwa cha papa chenye kinywa wazi ambayo hadi leo hurudiwa katika vitabu vya jiolojia. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba picha hiyo haikuchorwa kutokana na kichwa cha Livorno, kwa maana bamba lake la shaba lilikuwa limetayarishwa karne iliyotangulia kwa ajili ya kitabu cha Michele Mercati, mtunzaji wa mkusanyo wa madini wa Vatikani, ambacho kilikuwa hakijachapishwa.

Uzito wa kazi ya Steno hauko katika kufananisha jino na jino, jambo ambalo wengine walikwisha kulifanya, bali katika hoja aliyoijenga juu ya mfanano huo. Mizizi ya mti, alieleza, ikikua katika ardhi ngumu hupindika na kubanwa ikachukua maumbo ya kila namna, na pengine huupasua mwamba. Ndimi za mawe zinazotoka sehemu mbalimbali zina umbo moja lisilopinda, wala mwamba unaozizunguka hauna nyufa za kusukumwa, basi haziwezi kuwa zimeota humo. Yabaki kwamba zilikuwapo kwanza, na kilichozifunika kilikuwa laini, yaani matope ya chini ya maji ambayo baadaye yaligandamana. Aliyatoa maneno hayo kwa tahadhari, akiyaita makisio, lakini miaka miwili baadaye, katika kitabu cha mwaka 1669, aliyapanua kuwa kanuni: mashapo hutua tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini ni la kale kuliko la juu yake. Elimu ya kusoma umri wa miamba kwa mpangilio wa matabaka ilipata hapo mojawapo ya misingi yake. Steno mwenyewe aliiacha sayansi, akawa padri na kisha askofu, akafariki mwaka 1686, na Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988.

Jina la megalodoni, lenye maana ya jino kubwa kwa Kigiriki, lilitolewa na Louis Agassiz, mtaalamu Mswisi ambaye kati ya 1833 na 1843 alichapisha juzuu za samaki wa visukuku zilizopanga mamia ya aina zisizokuwa na majina. Kwa kuwa kingo za jino la megalodoni zina meno madogo kama ya msumeno, sawa na za papa mweupe wa leo, Agassiz aliwaweka wawili hao katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zenye nasaba ya karibu, iitwayo Carcharodon. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa ushahidi wa wakati wake, lakini ulizaa mazoea yaliyodumu zaidi ya karne moja, ya kumchora megalodoni kama papa mweupe aliyekuzwa. Siku hizi wataalamu wengi humweka katika ukoo mwingine uliokwisha kutoweka, wa jenasi Otodus, kwa sababu meno ya wahenga wake, yakipangwa kwa umri, yanaonyesha hatua kwa hatua jinsi kingo laini zilivyogeuka msumeno na jinsi vijino viwili vya pembeni vilivyofifia hadi kutoweka. Papa mweupe, kwa upande wake, alitokana na jamaa za papa aina ya mako, na visukuku vya Peru vimehifadhi hatua za kati za badiliko hilo. Msumeno ulitokea mara mbili katika koo mbili, na kufanana kwao ni kufanana kwa kazi.

Wakati wataalamu wakibishana juu ya nasaba, wingi wa meno yaliyofika sokoni na katika makumbusho ulitokana na shughuli isiyohusiana na elimu hata kidogo. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ilifahamika kwamba vinundu vilivyotapakaa chini ya ardhi na katika mito karibu na Charleston, Carolina Kusini, vina fosfeti nyingi inayofaa kutengenezwa mbolea, na kuanzia mwaka 1867 kampuni zikaanza kuvichimba. Kazi ilifanywa kwa sehemu kubwa na Wamarekani weusi waliokuwa wametoka utumwani miaka michache tu nyuma, kwa sururu na koleo katika mashimo ya nchi kavu, na mitoni kwa kupiga mbizi au kwa mashine za kukomba sakafu ya mto. Pamoja na vinundu yalitoka mabaki ya nyangumi, ya tembo wa kale na ya papa, maana tabaka lile lilikuwa limekusanya visukuku vya nyakati mbalimbali vilivyochimbuliwa na kuzikwa upya na maji. Na katika chekeche za kuoshea madini jino la megalodoni, pana kama kiganja na jeusi kwa fosfeti, lilikuwa la kuonekana hata na asiyejua kusoma. Majina ya waliookota hayakuandikwa kwenye vibandiko vya makumbusho. Kimbunga cha Agosti 1893 kiliharibu mashine na majahazi ya mitoni, machimbo ya Florida yakachukua soko, na mapema katika karne ya 20 uchimbaji wa Carolina ulikuwa umekufa. Mito yake imebaki kuwa makao ya wapiga mbizi wenye vibali vya serikali ya jimbo, ambao hushuka katika maji meusi yasiyoonwa hatua moja mbele na kupapasa kokoto kwa mikono wakitafuta meno ya kuuza au kuhifadhi.

Kutoka jino hadi mwili ndiko makosa yalikozidi. Mwaka 1909 Bashford Dean aliwaundia watazamaji wa Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili, New York, taya la megalodoni lenye meno halisi, na picha ya mtu aliyeketi ndani ya taya hilo ilienea duniani ikawashawishi watu kwamba papa huyo alifikia mita 24, pengine 30. Tatizo lilikuwa dogo lakini lenye matokeo makubwa: kwa kukosa seti kamili ya mnyama mmoja, waundaji walipanga mbele na pembeni meno yenye ukubwa unaokaribiana, ilhali katika papa wa jamii hiyo meno ya pembeni hupungua kuelekea nyuma, na hivyo taya likatanuka kwa takriban theluthi moja kupita kiasi. Mwaka 1973 John Randall alitumia urefu wa enameli ya jino, akilinganisha na papa weupe waliopimwa, akapata kama mita 13. Mwaka 1996 Michael Gottfried na wenzake walifikia karibu mita 16 kwa jino kubwa kuliko yote waliyoliamini. Njia zote hizi zilimtegemea papa mweupe kama rula, na nyingine zilihitaji mtu ajue jino limetoka nafasi gani kinywani. Udhaifu huo ulidhihirika pale wanafunzi wa shule, wakipewa nakala za meno ya papa mmoja yule yule, walipopata urefu wa kuanzia mita 12 hadi mita 45. Kutokana na zoezi hilo Victor Perez na wenzake walitoa mwaka 2021 njia ya kutumia upana wa meno yote ya taya, na majibu yao yakafika mita 20.

Mfano ulio wazi zaidi wa ugumu huo ni uti wa mgongo uliochimbuliwa Ubelgiji katika miaka ya 1860 na kuhifadhiwa Brussels, wenye pingili 141, kubwa yao ikiwa na kipenyo cha sentimita 15.5. Pingili za papa huongeza duara kadiri miaka inavyopita, na mwaka 2021 Kenshu Shimada na wenzake walihesabu maduara 46 katika pingili tatu za uti huo, wakakadiria kwamba papa huyo alikuwa na umri wa miaka 46 na urefu wa mita 9.2, kwa kulinganisha kipenyo cha pingili na cha papa mweupe. Mwaka uliofuata Jack Cooper na wenzake, wakitumia uti huo huo kuunda umbo kamili kwa kompyuta, walipata mita 15.9 na uzito unaozidi tani 60. Pingili zilizopangwa peke yake, bila kichwa wala mkia kamili, zina urefu wa mita 11 hivi, kwa hiyo jibu la kwanza lilimfanya papa kuwa mfupi kuliko uti wake. Na maana ya hitilafu hiyo ni kwamba rula yenyewe ilikuwa na kasoro, kwa kuwa huenda megalodoni hakuwa mnene kama papa mweupe. Shimada na wenzake wameifuata fikra hiyo, na mwaka 2025 walichapisha makadirio ya mita 24.3, wakitegemea pingili za Denmark zenye kipenyo cha sentimita 23 na umbo jembamba zaidi lililopatikana kwa kulinganisha aina nyingi za papa, waliopo na waliotoweka. Wengine hawajaridhika, maana hesabu inayoanza na pingili chache na kuishia mita 24 hupita juu ya mambo mengi ya kukisia. Kwa kulinganisha na viumbe walio hai, samaki mkubwa kuliko wote leo, papa potwe, ambaye huonekana kila mwaka karibu na Kilindoni kisiwani Mafia, hufikia takriban mita 18, naye huchuja vijidudu vya majini bila kumtafuna mtu wala nyangumi.

Ajabu ni kwamba maisha ya megalodoni yanaeleweka kwa uhakika zaidi kuliko urefu wake. Katika miamba ya Gatún, Panama, yenye umri wa takriban miaka milioni 10, Catalina Pimiento na wenzake walikuta meno mengi madogo, na baada ya kuyalinganisha na seti zinazojulikana ili kuondoa uwezekano kwamba ni meno ya nyuma ya papa wakubwa, waliona kwamba mengi ni ya watoto na vijana. Maji yale ya kina kifupi yalikuwa malezi. Mifupa ya nyangumi wadogo wa Peru ina mikwaruzo ya meno yenye msumeno mkubwa, ushahidi wa mlo usiohitaji kukisia. Enameli nayo imesema jambo ambalo umbo halingeweza kusema. Isotopu ni aina za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito, na jinsi isotopu nzito za kaboni na oksijeni zinavyoungana katika jino hutegemea joto la mwili uliolitengeneza. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2023 vilionyesha wastani wa karibu nyuzi 27 za Selsiasi, takriban nyuzi 7 juu ya maji ya bahari aliyoishi. Mwili wenye joto la namna hiyo huogelea kwa kasi na kuvumilia maji baridi, lakini hudai chakula kingi kila siku.

Dai hilo la chakula linaingia katika maelezo ya kutoweka kwake. Kuelekea mwanzo wa enzi ya Pliosini, inayoanza miaka milioni 5.3 iliyopita, bahari zilipoa, nyangumi wadogo wa pwani wakapungua, na papa mweupe akaenea. Isotopu za zinki, ambazo kiasi chake jinoni hubadilika kufuatana na ngazi ya mnyama katika mfululizo wa kulana, zimeonyesha kwamba papa mweupe wa wakati huo na megalodoni walikula kutoka ngazi zinazokaribiana. Kushindania mawindo pekee hakutoshi kueleza kifo cha spishi iliyotawala kwa zaidi ya miaka milioni 15, ila mwili mkubwa wenye njaa ya kudumu ndio wa kwanza kuumia mawindo yakiadimika.

Tarehe ya mwisho wake nayo iliwahi kupotoshwa na meno. Meli ya utafiti Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, ilikokota kutoka sakafu ya Pasifiki meno ya megalodoni yaliyovikwa ganda la manganizi, na mwaka 1959 mtafiti mmoja aliyepima unene wa ganda hilo alihesabu kwamba moja lilikuwa na umri wa miaka 24,000 na jingine miaka 11,000 tu. Hesabu hiyo ilichukulia kwamba manganizi hujijenga kwa kasi isiyobadilika na kwamba ilianza kujijenga mara jino lilipodondoka, ilhali katika kina cha Pasifiki ganda huongezeka milimita chache kwa miaka milioni, huweza kusimama kwa muda mrefu, na huweza hata kuanza baada ya jino la kale kufukuliwa na mikondo. Mapitio ya visukuku vya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, yaliyochapishwa mwaka 2019 na Robert Boessenecker na wenzake, yaliondoa meno yaliyochimbuliwa na kuzikwa upya na yale yasiyojulikana tabaka lake, yakabaki machache ya kutegemewa, na la mwisho kati ya hayo halivuki miaka milioni 3.6 kuja huku.